Mama Fundo na Uzi wa Kukatika

Maji yamekuzunguka, umepanda juu ya paa na watoto wako, halafu unasikia helikopta inakuja. Unataka ikuletee nini: mheshimiwa wa kukupungia mkono, au mashine ya kusafisha maji ya kunywa?

Usinijibu kwa adabu. Swali hili nimeliuliza kwenye vikao vingi, na kila mara watu wazima wenye tai hukohoa, hutazama dari, halafu husema kwamba mambo ni magumu kuliko ninavyodhani. Si magumu. Helikopta inayoweza kumbeba mkubwa, walinzi wake na makreti yake ya soda inaweza kubeba pampu. Kinachohitajika ni watu wa chini ardhini, wanaojua kuufunga mzigo ukaning'inia hewani, ukaruka, ukatua salama. Watu hao ni wachache na hakuna anayewapiga picha. Mmoja wao ni shangazi yangu, na kabla hujafungua ukurasa mwingine nataka umjue.

Shangazi ni dada mdogo wa baba yangu, na ni sajenti jeshini. Ni mfupi, akisimama nyuma ya kaunta ya stoo unaona kofia kwanza, macho baadaye. Lakini sauti yake hufika mahali kabla yake, na kicheko chake kikianza bwenini hata waliolala kwa dawa huamka. Kambini wanamwita Mama Fundo. Wanasema akikufungia kiatu utazikwa nacho.

Kufunga amerithi. Babu, baba yao, kazi yake ilikuwa kuhamisha watu. Mtu akipata nyumba nyingine, Babu alifika na mkokoteni, kamba begani na binti yake nyuma. Vitanda, makabati, cherehani, meza za kioo, vyote vilipangwa na kufungwa kwa fundo ambalo Babu hakumfundisha mtu yeyote isipokuwa huyo binti. Baba yangu alijaribu akashindwa, akaenda kuwa karani. Na walipofika nyumba mpya, kabla hata ya kuomba maji ya kunywa, Babu aliupiga mzigo kofi, akamtazama mwenye mali na kusema neno moja tu: "Haujasogea." Hakuwa na tangazo jingine la biashara. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto Shangazi alikuwa akinibeba mgongoni, na tukifika nyumbani ananifungua, ananipiga kofi la makalio na kumwambia mama yangu vilevile: "Haujasogea."

Jeshini walimpeleka stoo, kwenye mablanketi na mahema. Akakaa huko miaka mingi bila kunung'unika, akifunga na kufungua, akifunga na kufungua. Kisha ukaja msimu mmoja mto ukavunja kingo, na yeye ndiye aliyefunga mzigo wa lori la msaada: mashine ya kusafisha maji, machujio, mapipa ya mafuta. Akapanda nyuma ya lori, akaenda nao. Walipofika kwenye daraja, daraja halikuwepo. Wakasubiri maji yapungue, mzigo ukiwa umefungwa vizuri kupita kiasi, na walipovuka hatimaye wakakuta watoto wamelazwa chini, kila nyumba ina mgonjwa wa tumbo. Dereva wa lori lile ndiye aliyenisimulia. Shangazi alishuka, akaupiga mzigo kofi kwa mazoea, akafungua mdomo, na neno likakataa kutoka.

Aliporudi aliomba kozi ya kufunga mizigo ya helikopta. Wenzake kozini walikuwa vijana wa kuwazaa. Nilipomuuliza kwa nini ajitese, alinijibu kwa ufupi kwamba hataki tena mzigo wake usubiri daraja.

Mimi niliingia katika hadithi hii kwa mlango wa kazi. Nilipomaliza chuo nilipata nafasi katika kikosi cha uokoaji cha mji wetu, nikakabidhiwa mashine yetu ya kusafisha maji, tunayo hiyo moja tu. Jeshi likatualika: walete raia vifaa vyao, askari wajifunze kuviinua, ili mvua zikianza tusianze kufahamiana kwenye matope. Hayo ndiyo mambo ninayoyapigania. Nikaenda na mashine yangu kifua mbele, na Shangazi akanipokea mbele ya askari wote kwa kuniuliza kama nimekula.

"Huyu nimembeba mgongoni," akawatangazia. "Sasa naye anabeba mashine. Mcheni kidogo, msimcheke sana."

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana bila hivyo hutaelewa kilichomsumbua. Mashine inakaa ndani ya fremu ya chuma. Kutoka kila pembe ya fremu unatoka mkanda mnene wa kunyanyulia, na mikanda yote minne inakutana juu kwenye pete moja. Helikopta inakuja, inaganda hewani juu ya mzigo, na mtu aliyesimama juu ya fremu anaitia ile pete kwenye ndoano iliyo chini ya tumbo la helikopta. Mwenzake anashika fimbo yenye waya uliochimbiwa ardhini, anaigusa ndoano kwanza, kwa sababu helikopta hujikusanyia umeme hewani na ukiishika ndoano kavukavu inakurusha chini. Mwenye fimbo alikuwa kijana mrefu wanayemwita Twiga. Juu ya fremu alikuwa Shangazi. Wakisimama pamoja walifanana na ngazi na ndoo.

Lakini kuna kitu kidogo kuliko vyote hivyo. Kabla helikopta haijavuta, mikanda imelegea. Upepo wa mapanga unaweza kuipeperusha ikajizungusha kwenye mpini wa pampu. Kwa hiyo inashikanishwa miwili miwili kwa uzi mwembamba wa pamba, mzunguko mmoja, fundo jepesi. Uzi unaituliza mikanda mpaka helikopta ianze kuinua. Hapo ni lazima ukatike. Ukikatika, mikanda inafunguka na mzigo unapanda ukiwa sawa. Ukigoma, mikanda miwili inabaki imekumbatiana, mzigo unainama, unaanza kuyumba, na kilichoyumba chini ya helikopta kinaweza kuiangusha.

Bila shaka umeshaliona tatizo. Katika maisha yake yote Shangazi hakuwahi kufunga kitu kwa nia ya kwamba kikatike.

Mtihani wa kwanza walitumia mapipa ya mchanga. Alizungusha uzi mara tatu na kumalizia na fundo la Babu. Mapipa yakapanda yameinamia upande mmoja, yakarudishwa chini. Mara ya pili ilikuwa mchana wa siku ile niliyofika na mashine, na mimi nilikuwepo. Safari hii Mkufunzi, kapteni mwembamba anayeongea kana kwamba maneno yako kwenye mgao, alikagua kila uzi mwenyewe. Mzunguko mmoja, fundo jepesi, safi. Akaondoka kwenda kwenye nafasi yake. Helikopta ilikuwa bado inapasha injini, na Shangazi, badala ya kusubiri, akarudi kwenye mzigo "kuangalia kidogo". Mpaka leo anaapa kwamba aligusa tu.

Helikopta ikainua. Mapipa yakainama, yakaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango wake, na Rubani hakusubiri ushauri wa mtu. Akaachia ndoano. Mapipa yalipiga chini yakapasuka, mchanga ukaruka juu, na tukabaki tumesimama weupe kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu. Twiga akasogea, akafukua mchangani kwa ncha ya kiatu, akaona mikanda miwili bado imefungwa pamoja kwa uzi ule ule.

"Fundo lenyewe liko salama, Afande," akasema taratibu.

Hata Shangazi alicheka. Mkufunzi ndiye hakucheka. Alisema kesho asubuhi ni mara ya mwisho, na mzigo utakuwa mashine ya raia, kama ilivyopangwa. Akifaulu, ataongoza timu ya chini mvua zikianza. Akishindwa, atarudi kwenye mablanketi yake na mashine itarudi kwenye lori. Na akionekana anarudi kwenye mzigo baada ya ukaguzi, hata helikopta haitawashwa. Rubani naye, ambaye ni mtu wa utani, alishuka, akavua kofia na kumwambia Shangazi kwamba anampenda kama mama yake, lakini akiiona mashine inacheza dansi ataiachia kama alivyoachia mapipa. Mimi niliyekuwa nimesimama pembeni nikageuka kuitazama mashine yangu. Mkubwa wangu alishakubali, na nimeshakuambia mashine tunayo moja.

Jioni nikamkuta kwenye benchi nyuma ya stoo, bado jua halijazama, anafunga uzi kwenye miguu ya benchi. Anafunga, anavuta, haukatiki. Anatazama: mkono umeongeza mzunguko wa pili bila kumwambia. Anakata kwa wembe, anaanza upya. Twiga alikuwa amejitolea kuwa mwalimu, kwa sababu kambi nzima inajua kwamba kamba za viatu vyake hujifungua zenyewe hata kwenye gwaride.

"Siri ni kufikiria kitu kingine, Afande," alimfundisha. "Mimi nikifunga huwa nafikiria chakula."

Shangazi akafumba macho akafikiria chakula. Alipofumbua, kwenye mguu wa benchi palikuwa na fundo la Babu, zuri, limekaza. Tulicheka mpaka Twiga akateleza kutoka kwenye benchi. Halafu kicheko kikaisha, na Shangazi akabaki anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mwanangu," akaniambia, "huu mkono hausikii."

Nikatoa wazo ambalo wakati ule niliona ni la akili: Twiga afunge yeye, nani atajua? Shangazi aliniuliza kwa upole: mvua zikianza na Twiga yuko likizo, watu juu ya mapaa wamsubiri arudi? Mimi ninayewafokea wenye tai kwenye vikao, nilikuwa nimependekeza daraja jingine la kusubiriwa.

Basi nikatoa simu nikampigia Babu. Shangazi alijaribu kuninyang'anya. Alikuwa tayari kushindwa mbele ya jeshi zima, lakini si baba yake asikie kwamba anafunga vitu ili vikatike. Alikuwa amechelewa, Babu alishapokea. Babu huongea na simu kwa sauti ya kumfikia mtu ng'ambo ya bonde. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nitaoa lini, nikamdanganya kama kawaida, kisha nikamweleza shida.

"Jeshi linamfundisha binti yangu kufunga vibaya?"

Nikaweka spika. Shangazi akakaa wima kama yuko mbele ya jenerali.

"Si vibaya, Baba. Ni uzi tu."

"Uzi ndio unabeba mzigo?"

"Hapana. Mikanda ndiyo inabeba. Uzi unaizuia isipepee, mpaka ndege ivute."

"Halafu?"

"Halafu ukatike."

Babu akaanza kukohoa, na ikatuchukua muda kugundua kwamba alikuwa anacheka. "Sasa wewe, huo si uzi wa mlango wa kabati?"

Nikamwona Shangazi anaweka mkono mdomoni. Twiga na mimi hatukuelewa kitu, kwa hiyo Babu akatueleza, akionekana kufurahia wasikilizaji. Makabati ya watu, alisema, milango yake hufunguka njiani na kuvunjika bawaba. Ukiifunga kwa kamba unachubua vanishi, na mwenye mali anakulaani. Kwa hiyo vishikizo vya milango walivifunga kwa uzi wa kushonea. Mkishafika, mama mwenye nyumba anapitisha kidole, anavuta, uzi unakatika, anapanga nguo zake. Kazi hiyo ya uzi ilikuwa ya binti yake alipokuwa mdogo sana, kabla hajaruhusiwa kugusa kamba. Ndiyo kazi ya kwanza aliyompa.

"Na kuna kabati moja ulifunga mara mbili kwa kiherehere," Babu akaendelea, sasa akiongea naye peke yake, "mama wa watu akavunja kucha. Nilikuambia nini?"

Shangazi alijibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ndogo. "Uliniambia nimfikirie atakayefungua."

"Basi. Na huyo mwendesha ndege usimvunje kucha."

Akakata simu bila kuaga, ndivyo alivyo. Shangazi aliinama kwenye mguu wa benchi. Akapitisha uzi, akafunga, akaachia. Akaweka kidole kimoja, akavuta. Ukakatika. Akafunga mwingine, ukakatika. Twiga akaomba na yeye akate, akaruhusiwa, na muda mfupi baadaye tulikuwa watu wazima watatu nyuma ya stoo tunafungiana na kukatiana uzi kama watoto waliopata mchezo mpya. Mpishi alipopiga kengele ya chakula, Shangazi alikwenda mbele yetu akiimba, na chini ya benchi palikuwa pamejaa vipande vyeupe.

Asubuhi iliyofuata nyasi za uwanja zilikuwa bado na umande. Mashine yangu ilikuwa katikati ya duara la chokaa, imefutwa vumbi. Shangazi alifunga nyuzi huku midomo inacheza. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia: alikuwa anaongea na mama mwenye nyumba, anamwambia karibu, fungua tu, nguo zako ziko salama. Mkufunzi akaja, akapitisha kidole chini ya kila uzi, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Injini ikawashwa. Huu ndio ulikuwa muda wa hatari, muda ule ule wa jana. Shangazi aliutazama mzigo. Akageuka, akaja moja kwa moja mpaka kwenye mstari wa bendera tulipozuiliwa raia, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele yangu.

"Nishike."

Nikamshika, mbele ya kikosi kizima. Mikono yake ilikuwa ya moto. Twiga akasema kwamba kama kuna foleni na yeye apangwe. Mkufunzi alituona, akageukia upande wa pili haraka, lakini nilishaona mashavu yake yanapigana na kicheko.

Helikopta ikaja na upepo wake. Shangazi akaniachia, akavaa miwani ya vumbi, akakimbia na Twiga wakiwa wameinama. Akapanda juu ya fremu. Twiga akainua fimbo, akaigusa ndoano, cheche ikaruka ikazimika. Shangazi akainua pete, akasimama kwa ncha za vidole, na bado haifiki. Rubani akamshushia helikopta polepole, kama mtu anavyoinama kumsikiliza mtoto, mpaka pete ikaingia kwenye ndoano. Kazi yake ikawa imekwisha, ilibaki kushuka. Hapo nikamwona amesita. Usawa wa goti lake uzi mmoja ulikuwa unatetemeka vibaya kwa upepo, unaonekana kabisa kama umelegea, na mkono wake wa kulia ukaanza safari ya kuufuata. Ukafika nusu ya njia. Ukasimama. Ukajikunja ngumi. Shangazi akaruka chini, akakimbia kuja kwetu akiwa ameukumbatia mkono ule kwa mwingine.

Mikanda ikakaza. Katika kelele ile hakuna aliyesikia kitu, lakini niliona: uzi wa kwanza ukakatika, kipande cheupe kikaruka kama unyoya. Kisha wa pili. Mikanda minne ikafunguka kama mwavuli, na mashine ikaacha nyasi ikiwa sawasawa, kama trei ya chai mkononi mwa mhudumu mzoefu. Ikapita juu ya paa la bwalo, ikapita juu ya kamba za nguo ambako mashati ya askari yalijaribu kuifuata, ikazunguka uwanja wote bila kuyumba. Mimi nilikuwa napiga kelele ambazo mtu mwenye shahada hapaswi kuzipiga. Shangazi, mwenye sauti kuliko sisi sote, alikuwa amesimama mdomo wazi, machozi yanachora mistari kwenye vumbi la mashavu.

Rubani akaiweka mashine kwenye duara la pili polepole mno hata nyasi sidhani kama zilijua. Akaachia ndoano, akapanda juu, akaondoka. Mkufunzi akaanza kutembea kwenda kuikagua kwa hatua zake za kiaskari, lakini Shangazi akampita mbio, jambo ambalo sajenti hamfanyii kapteni, akafika wa kwanza. Akaipiga fremu kofi lililosikika mpaka kwenye bendera. Akageuka, akamtazama Mkufunzi kama anavyotazamwa mwenye mali.

"Haujasogea."

Mkufunzi akaizunguka mashine. Akatikisa pampu, akatazama machujio, akaokota kipande cha uzi kilichokuwa kimenasa kwenye mkanda. Akamwambia kwamba mablanketi yatatafutiwa mtu mwingine. Kisha akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuhakikisha hakuna anayemwona, wakati sote tulikuwa tunamwona, akanyoosha mkono, akaipiga fremu kofi na yeye.